Fundi kaniunguzia vioo viwili vya pinboli, na mita anayo mfukoni!

Wanajamvi, hili limenikaa kooni tangu Ijumaa, leo nalitema.

Nina kibanda cha kahawa na aiskrimu hapa Malindi, barabara ya Lamu. Pembeni kuna pinboli, ile mashine ya mchezo wa kigololi, ya kampuni ya Bally ya 1979, niliyoachiwa na jirani Mtaliano alipofunga virago kurudi kwao. Wazee wenzake bado huja kila jioni: kahawa moja, michezo sita, matusi kumi. Mashine hiyo ndiyo inayonilipia stima.

Mwezi uliopita vioo vinavyoonyesha alama za wachezaji vikaanza vituko, mara viwake kupita kiasi, mara vififie. Viko vitano, na vyote vilikuwa vikifanya hivyo kwa pamoja. Sasa niambieni, vioo vitano vitaugua siku moja kama watu waliokula bunju? Kinachougua si ndicho kinachovilisha?

Bwana fundi akafungua, akachungulia, akasema "vimezeeka hivi." Nikaagiza viwili vya kuanzia kutoka Italia, kwa bei ambayo mke wangu hajui mpaka leo. Akavichomeka. Mita ya kupimia volti alikuwa nayo, wallahi, nyaya zake nyekundu na nyeusi zilikuwa zikining'inia mfukoni. Hakuitoa! Akawasha. Namba zikawaka chungwa kali kama kaa lililopepewa, hata mistari isiyohusika ikawaka, halafu kimoja kikafa, cha pili kikafuata. Dakika kumi hazikufika. Akaniambia nimeuziwa feki, akadai elfu tatu za kazi. Na mimi mjinga nikampa.

Usiku nikaazima mita. Kwanza nikachomoa plagi za vioo vyote. Kwenye bodi ya kudhibiti umeme, ndani ya kichwa cha mashine, sehemu za kupimia zimeandikwa kabisa: TP4 ni umeme kabla ya kudhibitiwa, kama volti 230, na TP2 ni 190 zinazokwenda kwenye vioo. Wengine huzishusha hadi 170 ili vioo vidumu. Mimi nikapata 251 kwenye TP4, na TP2 249! Nikazungusha kile kiskurubu cha kurekebisha, kushoto, kulia, namba haitikisiki. Transista, kile kijidude kinachoushusha umeme huo, imepiga shoti, umeme unapita wote kama bomba lisilo koki. Na ile 251 sishangai, trafo inayopokea umeme wa ukutani ingali imefungwa kwa volti 220 za Italia ya enzi hizo na sisi huku ni 240. Hilo nalo hakuliona.

Kupima kulinichukua muda wa kumaliza kikombe cha chai. Yeye angepima, tungebadilisha transista moja na vioo vyangu vingekuwa hai.

(Mnaotaka kujaribu: ile kapasita kubwa ya kwenye bodi, inayohifadhi umeme, hubaki nao hata ukizima. Subirini, mpime mpaka ishuke karibu na sifuri, ndipo mtie mkono.)

Nataka elfu tatu yangu na anilipe vioo. Nimempigia mara nne, kila mara yuko Kilifi harusini. Harusi gani ya siku tano?

Na mwenye transista hiyo, namba 2N3584, huko Mombasa, ya kweli, si zile zilizokwanguliwa na kuandikwa upya, anitumie ujumbe. Wazee wanaulizia mashine yao.