Tupeane uzoefu: siku za kazi za jamii kwenye misitu na hifadhi zetu za pwani, zipi zimeleta matunda kwenu?

Mwana wa Gede (mwanzisha mada)

Wanajamvi, salaam, na shikamoo kwa wakubwa.

Mimi ni wa Gede, Kilifi. Nikivuka barabara ya Malindi tu, niko kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke. Kwa asiyeufahamu, ukubwa wake ni kilomita za mraba 420 hivi, na ndio kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Humo mna bundi mdogo wa Sokoke, sange mwenye kiuno cha dhahabu (mnyama mdogo mwenye pua ndefu), paa nunga (aina ya paa mdogo), na tembo. Baadhi yao ukiwakosa hapa, hujui pa kwenda kuwatafuta.

Ninachotaka tuzungumzie ni zile siku ambazo jamii inaitwa kazini: kung'oa mitego, kupanda mikoko, kusafisha ufuo, kuhesabu ndege. Nyingine zinakuwa na mahema, vipaza sauti na fulana za bure, na mwaka unaofuata hakuna anayezikumbuka. Nyingine hazina hata chai, lakini watu wanarudi kila mara. Nataka kujua kwenu ilikuwaje.

Naanza na mitego. Tunaingia alfajiri pamoja na askari wa misitu na wa wanyamapori. Tunajipanga mstari mmoja, mtu na mwenzake wameachana hatua chache, tunatembea taratibu macho chini. Waya wenyewe hauonekani kirahisi. Kinachoonekana ni ugo: mtegaji hulaza matawi yakafika urefu wa goti, akayapeleka mbali ndani ya kichaka, akaacha vipenyo hapa na pale. Sange na paa ni wanyama wa njia zao. Wakikuta ugo hawaurukii, wanaufuata mpaka kwenye kipenyo, na kitanzi kiko hapo. Kwa hiyo ukipata kitanzi kimoja usiondoke. Fuata ugo mpaka mwisho wake na uuvunje wote, maana ukiubakiza, waya mpya utarudi palepale. Haya nilifundishwa na mzee ambaye ujanani alikuwa akitega mwenyewe. Siku hizi yeye ndiye anayetangulia mstari, na akisimama, sote tunasimama.

Karibuni.

Mama Vipepeo

Asante mdogo wangu kwa mada. Mimi ni mfugaji wa vipepeo, nauza kupitia mradi wa Kipepeo pale kwenye magofu ya Gede. Mradi ulianza 1993. Vijana hawajui hali ilivyokuwa wakati ule: watu wengi waliopakana na msitu walitaka ukatwe, angalau sehemu, wagawiwe mashamba. Siwalaumu. Ardhi ilikuwa finyu, na msitu haukuwapa kitu ila nyani kwenye mahindi.

Kazi yenyewe ni hivi. Unamkamata jike, unamweka kwenye kizimba cha wavu pamoja na mti anaoupenda, anataga. Viwavi wakitoka unawalisha majani, na hapa ndipo pana elimu, kwa sababu kila aina ina mti wake. Huyu wa mlimau anakula mlimau na jamaa zake, ukimpa jani jingine anakufa huku analiangalia. Kiwavi akishiba anajifunga, anakuwa pupa, na pupa ndio tunazouza. Zinasafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani kwenye nyumba za maonyesho, na lazima zifike kabla kipepeo hajatoka. Hakuna nafasi ya kuzembea.

Sasa kuhusu siku za kazi: sisi tulizoea kukutana kupanda miti ya chakula cha viwavi kwenye maboma yetu, leo kwa huyu, wiki nyingine kwa yule. Hakuna mgeni rasmi. Kila mmoja anakuja kwa sababu anajua zamu yake itafika. Na mtu akionekana akitoka msituni na magogo, akina mama wenyewe ndio wanaomuuliza, kwa sababu majike tunaowahitaji wanatoka mle.

Mvuvi wa Mida

Shikamoo mama. Hapo kwenye zamu umenena.

Mimi niko Mida, mkono wa bahari karibu na Watamu, huku mikokoni. Niseme wazi kuhusu kupanda mikoko, kwa sababu jambo hili linaniuma. Kulikuwa na kundi la wageni (sitalitaja) lililokuja na mabasi, likapanda miche mingi kwenye tope tupu upande wa bahari, picha zikapigwa, wakaenda. Yote ilikuwa miche ya aina moja tu ya mikoko, ule unaoitwa mkoko wenyewe. Baada ya bamvua (maji makuu) chache haikubaki hata mmoja. Wazee walikuwa wamesema tangu asubuhi kwamba pale ni mahali pa mlilana, mkoko unakaa nyuma yake, kisha mkandaa, na mchu unapatikana mpaka kule juu ambako maji yanafika kwa nadra. Hawakusikilizwa.

Kikundi chetu sasa kina utaratibu wake. Kwanza tunakwenda kutazama: maji yanafika wapi, yanakaa muda gani, kuna kaa wengi kiasi gani, mbegu zinaanguka zenyewe au la. Kama zinaanguka na kuota, hatupandi kabisa, tunalinda tu pasikanyagwe wala pasikatwe. Tukipanda, mwanakikundi anapewa eneo lake la kurudi kulitazama. Wenzetu wa Gazi, kule Kwale, wamepiga hatua zaidi. Mradi wao wa Mikoko Pamoja unauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko hekta 117, yaani wanunuzi wanalipa ili mikoko iendelee kuifungia, na pesa inaingia kwenye mambo ambayo kijiji kizima kinakaa na kuyachagua, maji na shule. Ndiyo maana mtu wa Gazi akiona shoka mikokoni anahesabu kwamba linakata bomba la maji la kwao.

Na kasa pia. Watamu kuna shirika linalofanya kazi na wavuvi tangu miaka ya tisini mwishoni. Kasa akinasa kwenye jarife (wavu), napiga simu, wanakuja, wanampima, wanamwekea alama kwenye pezi, anaachiwa ndani ya hifadhi ya bahari. Mvuvi anapewa kifuta jasho kidogo cha simu na usumbufu. Si bei ya kasa, haifiki hata karibu. Lakini kijana wangu alipoitwa ashike pezi wakati wa kuachia, na akaona namba ikiandikwa, tangu siku hiyo ndiye anayenikumbusha kupiga simu.

Jirani wa Fensi

Mimi nitasema tofauti kidogo, mnisamehe. Naishi upande ambao tembo wanatoka. Fensi ya umeme ipo, lakini tembo akishajua nguzo ipi imelegea, umeme hauna kazi. Usiku mmoja wamemaliza mihogo na minazi michanga ya jirani yangu, halafu wiki ileile tukaalikwa kwenye sherehe ya kusifu wanyamapori. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inatambua fidia ya mazao, nami nilijaza fomu, nikaambatisha picha, bado nangoja. Nampenda tembo kama kiumbe cha Mungu. Ila ukitaka nije kwenye siku yako ya kazi, siku hiyo iwe ya kukaza fensi yangu.

Mwana wa Gede

Ndugu, hakuna cha kusamehewa hapa, ndiyo mada yenyewe hii. Huko kwenu tulikuja wakati wa ukame kuzibua mabwawa yaliyomo ndani ya msitu. Yalikuwa yamejaa tope, tembo wakawa wanafuata maji vijijini. Ile kazi ya koleo na toroli iliwavuta watu wa vijiji kuliko shughuli yoyote niliyowahi kuiona, kwa sababu kila mtu alielewa faida yake: maji yakibaki msituni, tembo ana sababu ya kubaki huko. Kwa maoni yangu kufyeka chini ya fensi na kukagua nguzo kuingie kwenye ratiba ya kila mwezi, pamoja na mitego. Nitalileta kwenye kikao cha chama cha jamii cha msitu.

Pia wanaofahamu mizinga ya nyuki ya kule Sagalla, karibu na Tsavo Mashariki, watueleze. Nimesikia wanazungushia shamba.

Mwalimu wa Klabu

Kwa upande wa shule. Shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya wana mpango uitwao ASSETS tangu 2001, unaosaidia karo za sekondari kwa watoto wa familia zinazopakana na msitu na Mida Creek. Pesa yake kiasi inatoka kwa wageni wanaotembea kwenye lile daraja la mbao na kamba lililoning'inia juu ya mikoko. Karo hailipwi yote, mzazi anatoa sehemu yake, na naona hilo ndilo lililoupa heshima. Mzazi anahudhuria mikutano, familia inapanda miti, mtoto anatembezwa msituni.

Nimefundisha watoto waliozaliwa hatua chache kutoka msituni ambao hawakuwahi kuingia ndani isipokuwa kutafuta kuni. Mara ya kwanza kumwona sange akikimbia, na kile kiuno chake cha njano kikimulika kwenye majani makavu, darasa zima lilinyamaza. Wengine wao leo ni waongoza wageni. Kila Januari tunawapeleka kwenye hesabu ya ndege wa majini pale Mida, wanajifunza kumtofautisha msese na kitwitwi, na wanaelewa kwamba ndege hawa wadogo wametoka kaskazini ya mbali kuja kula kwenye tope la kwao.

Kidike Kwetu

Assalaam alaykum. Natoka Pemba. Sisi mnyama wetu ni popo, yule mkubwa ambaye dunia nzima hapatikani ila Pemba, akifungua mbawa anapita mita moja na nusu. Zamani wakiwindwa sana kwa kitoweo, na misitu ikikatwa, mpaka ikaogopwa watakwisha. Miaka ya tisini zikaundwa jumuiya vijijini, Kidike ni mojawapo, na hesabu zilizofanywa baadaye zimepita popo 20,000.

Kilichosaidia kwetu ni kwamba sehemu nyingine popo walishakuwa na hifadhi kabla ya mradi wowote. Wengi wao walibakia kwenye miti ya makaburini na misitu ya mizimu, ambako watu walikuwa hawakati kwa heshima. Mradi ulipokuja ukakuta heshima ile, ukaongeza: mgeni analipa kiingilio, na fungu la kijiji linajulikana. Wazee walikuwa na neno kwenye kila kikao. Skuli nazo zilifanya siku za kuwaeleza watoto kwamba popo ndiye anayesambaza mbegu za miti na kuchavusha maua. Mtoto akirudi nyumbani anamwambia baba yake asipige.

Pete Kusini

Na Unguja huku, nitasema fupi. Kima punju (kima wekundu) wa msitu wa Jozani walikuwa wakifa barabarani, gari zikipita kasi. Wanakijiji, watafiti na wenye mamlaka wakakubaliana yawekwe matuta, na vifo vikapungua sana. Tuta linapunguza mwendo hata siku ambayo hakuna mkutano. Nikiulizwa msaada upi kwa kima umedumu zaidi, nitataja lile tuta.

Muheza Juu

Habari za humu. Mimi niko milima ya Amani, Muheza, Tanzania. Mama Vipepeo, sisi ni kama watoto wenu: ufugaji wetu wa vipepeo uliiga wa Gede. Wengi wa wafugaji walikuwa akina mama, na fungu la mapato lilikwenda kwenye kazi za kijiji. Kisha mwaka 2016 likaja zuio la kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na vipepeo wakaingia humohumo. Soko lilikuwa la nje peke yake, basi pupa zikatoka vipepeo mikononi mwetu, tukawaachia waruke.

Naandika kwa sababu mara nyingi tunasema mpe mwananchi faida, atalinda msitu. Ni kweli, nami nimeiishi. Lakini faida ikitegemea mlango mmoja, mlango ukifungwa unabaki na nini? Kwetu vilibaki vikundi. Tulikuwa tumezoea kukutana, kuweka akiba, kugawana kazi. Wengine waliingia kwenye iliki na viungo, wengine nyuki. Siku ya kupanda miti bado tunaitana, ingawa wanaokuja wamepungua, na sitaki kuficha hilo.

Mama Vipepeo

Mwanangu wa Muheza, pole sana, tena pole. Hapa nasi tunakwenda kulizungumza hili, kwa sababu soko letu pia ni la ng'ambo. Tuna asali na wageni wanaokuja kutazama vipepeo pale Gede, lakini pupa ndio tegemeo la wengi wetu. Ile miti ya chakula mliyopanda msiikate. Kizimba unakishona upya kwa muda mfupi, mti unachukua miaka.

Mtaita wa Sagalla

Nimeitwa, nimefika. Mizinga ni kweli. Unaining'iniza kwenye nguzo kuzunguka shamba, mmoja baada ya mwingine, na waya unapita ukiiunganisha yote. Tembo akija usiku akasukuma waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka na hasira, naye anaogopa kuumwa machoni na ndani ya mkonga. Asali ni yako.

Ila Jirani wa Fensi, sikiliza kabla hujanunua mbao. Nyuki wanataka maji na maua. Ukame ukizidi wanahama, na mizinga mitupu inamtisha tembo kidogo sana. Weka chombo cha maji karibu, chenye vijiti vya nyuki kukanyagia, na upande maua ya kudumu mpakani. Tena shamba moja peke yake halifai, atazunguka aingie kwa jirani. Anza na majirani wanaopakana na ile njia ya tembo, hata kama ni wachache. Kwenu nguzo za fensi ziko umbali gani na shamba la kwanza?