Ricardo wa kwenye uchumi aliupataje ubunge wa Ireland?

Mwalimu_Tabora:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha uchumi kidato cha tano hapa Tabora. Leo namaliza mada ya David Ricardo, ile ya faida ya nchi kubadilishana bidhaa, kwa mfano nguo za Uingereza na divai ya Ureno, mwanafunzi akanyoosha mkono: "Mwalimu, huyu si alikuwa dalali wa hisa London? Mbona alikuwa mbunge wa Portarlington, Ireland, 1819 hadi 1823?" Nikasema nitamjibu kesho. Kesho yenyewe kipindi cha kwanza. Alihamia huko?

Mzee_wa_Ujiji:
Hakuhamia, mwalimu. Kiti alikinunua. Portarlington ni mji mdogo kwenye mto Barrow, na jimbo lilikuwa kama shamba la lodi wa hapo, yaani bwana mkubwa mwenye cheo cha kurithi. Wapiga kura hawakufika hata 20, watu wake mwenyewe. Hapa Ujiji kwenye benchi la kahawa asubuhi tunawazidi. Lodi alikuwa na shida ya fedha, Ricardo anazo. Akamkopesha, na kiti chenyewe hutajwa pauni 4,000.

Binti_Mwanga:
Na serikali ikanyamaza?

Mzee_wa_Ujiji:
Inyamaze? Ililipa kabisa! Muungano wa Ireland na Uingereza ulipoanza tarehe 1 Januari 1801, Bunge la Dublin lenye wabunge 300 lilivunjwa, Ireland ikabakiwa na viti 100 kule London. Miji mingi ikapoteza majimbo, na kila jimbo lililofutwa likalipiwa fidia ya pauni 15,000, kama nyumba iliyopitiwa na barabara. Nyingi zikaenda kwa hao wenye majimbo, si kwa wananchi. Portarlington ilipona, ila kutoka wabunge wawili ikabaki na mmoja. Mwaka 1832 wapangaji na wenye nyumba za kadiri ya pauni 10 kwa mwaka wakapata kura, 1872 ikaja kura ya siri, 1885 jimbo likafutwa. Cashel na Sligo, miji mingine ya Ireland, hazikufika huko, zilifutwa 1870 kwa rushwa.

Kinachonichekesha, Ricardo akiwa kwenye kiti hicho cha kununua alikuwa anatetea kura ya siri bungeni.

Mwalimu_Tabora:
Shikamoo mzee wangu, umeniokoa. Nitaanza na hiyo fidia. Naogopa tu yule kijana atauliza jimbo sasa hivi ni bei gani.

Mzee_wa_Ujiji:
Marahaba. Mwambie hiyo mada ni ya kidato cha sita.