Kisima cha mafuta kikifumuka baharini, mkulima wa mwani anadai vipi na anamdai nani?

Mwani_Mashariki
Salaam wakuu. Naandaa hoja za ushirika wa wakulima wa mwani, pwani ya mashariki ya Unguja, kwa ajili ya kikao cha maoni kuhusu utafutaji wa mafuta na gesi. Waliokuja kutoa maelezo wametuambia mambo mawili: mitambo iko mbali mno, pwani haitaguswa, na ikitokea ajali, ipo fidia ya kimataifa. Habari za Deepwater Horizon ya 2010, ajali ya kisima cha BP Ghuba ya Mexico, Marekani, zimejaa kila mahali, lakini hizo ni za kamba, chaza na hoteli. Naomba mwenye kujua kesi iliyogusa mwani wenyewe. Chanzo kilikuwa nini, mafuta yalisafiri umbali gani, na wakulima walilipwa au walizungushwa? Kama kuna la kufanya kabla ya uchimbaji, naomba liwe la vitendo, maneno ya semina tumeshiba.

FundiTope
Kesi unayoitafuta ni Montara, Bahari ya Timor, Agosti 2009. Huwa inasahaulika kwa sababu Deepwater Horizon ilikuja miezi minane baadaye ikaifunika.

Kisima kinaitwa H1, upande wa Australia, kwenye maji ya kina cha mita 77 hivi. Wala si bahari kuu. Mwendeshaji alikuwa PTTEP Australasia, kampuni tanzu ya shirika la mafuta la Thailand. Machi 2009 kisima kilisimamishwa kwa muda kikisubiri hatua inayofuata. Kisima kilichosimamishwa hutakiwa kuwa na vizuizi visivyopungua viwili, kila kimoja kimepimwa kwa presha na kinaweza kuzuia peke yake. H1 hakikuwa na hata kimoja cha kutegemea.

Kizuizi cha chini kilikuwa saruji kwenye ncha ya kesingi (bomba la chuma linaloshikilia kuta za kisima) ya inchi 9 na 5/8. Saruji ikishasukumwa hadi chini, kuna vali pale kwenye ncha zinazoizuia isirudi juu. Vali zile zilifeli, majimaji yakarudi. Hapo unafunga juu, unashikilia presha, unasubiri saruji igande, kisha unaipima. Wao waliyasukuma yaliyorudi yakaingia tena chini, saruji ikavurugika ikiwa bado mbichi, na kipimo cha presha hakikurudiwa baada ya kuganda.

Kwa juu kulitakiwa vifuniko vya chuma viwili. Cha kesingi ya inchi 13 na 3/8 hakikufungwa kabisa, hivyo nyuzi za bomba, zile za kuskurubia kifuniko, zikala kutu. Mtambo wa kuchimba, West Atlas, uliporudi Agosti 20, kile kifuniko kingine cha 9 na 5/8 kikafunguliwa ili nyuzi zenye kutu zisafishwe, na hakikurudishwa. Mtambo ukasogezwa kisima cha jirani. Kilichobaki kuzuia mafuta ni maji ya bahari yaliyotiwa dawa ndani ya bomba, na uzito wake hautoshi kwa kazi hiyo. Alfajiri ya Agosti 21 kisima kikafumuka. Watu 69 waliondolewa salama.

Kumbuka tume ya uchunguzi ya serikali ya Australia ilikaa, ikaandika haya yote wazi. Hakuna kimbunga wala tetemeko la ardhi hapo. Ni kifuniko kisichorudishwa.

Sasa jambo la kwenda nalo kikaoni. Kisima kikifumuka namna ile, na gesi imetanda juu ya jukwaa, hukikaribii. Dawa yake ni kisima cha pili kinachochimbwa kwa mshazari kutoka mbali mpaka kikutane na cha kwanza huko chini, kisha unasukuma tope zito. Mtambo wa kufanya hivyo, West Triton, ulitoka Singapore. Ulianza kuchimba katikati ya Septemba, kilomita 2 kutoka H1, ukilenga bomba la upana wa sentimita 25 lililo kilomita 2.6 chini. Ulikosa mara nne. Jaribio la tano, Novemba 1, lilipata, na siku hiyohiyo jukwaa likashika moto. Kisima kilizimwa Novemba 3, baada ya siku 74. Kampuni ilikadiria mapipa 400 kwa siku; makadirio ya juu ya upande wa serikali yalifika 2,000.

Kwa hiyo ulizeni: mtambo wa pili uko bandari gani leo, mkataba wake umesainiwa, na unafika kwetu baada ya siku ngapi? Jibu la "tutatafuta" maana yake ni miezi.

Wakili_Pwani
Naongezea upande wa fidia, kwa sababu mliambiwa kitu ambacho kikisikika haraka kinapotosha.

"Fidia ya kimataifa" ipo kwa meli zinazobeba mafuta. Mkataba wa dhima wa 1992 na ule wa mfuko wa 1992, ambayo Tanzania na Kenya ni wanachama, hulipa wavuvi na wakulima wa pwani mafuta yakimwagika kutoka kwenye meli hizo. Kisima hakimo humo. Hakuna mkataba wa dunia nzima unaomlipa mtu mafuta yakitoka kisimani. Unabaki na sheria ya nchi, masharti ya leseni na mkataba wa kampuni. Zanzibar ina sheria yake ya mafuta na gesi ya 2016, Bara kuna Sheria ya Petroli ya 2015. Ombeni muoneshwe bima ya kampuni ina ukomo wa kiasi gani. Marekani mwaka 2010 ukomo wa kisheria wa fidia kwa mtambo wa baharini ulikuwa dola milioni 75. BP ilikubali kuuvuka, na gharama zake zote zilipita dola bilioni 60. Kampuni ndogo ingefilisika mapema sana.

Kuhusu Montara: mashamba ya mwani yako Rote na Kupang, Indonesia, kilomita kama 250 kutoka kisimani. Wakulima waliona mwani unageuka mweupe na kufa, na mavuno hayakurudi kwa miaka. Kampuni ikashikilia kwamba mafuta hayakufika huko. Kesi ya pamoja ya wakulima zaidi ya 15,000 ilifunguliwa Australia mwaka 2016. Machi 2021 Mahakama ya Shirikisho ikaamua kwamba kampuni ilizembea na mafuta ndiyo yaliyoua mwani wa mkulima wa Rote aliyewawakilisha wenzake. Novemba 2022 yakafikiwa maelewano ya dola za Australia milioni 192.5, bila kampuni kukiri kosa. Gawa kwa watu 15,000 upate chini ya dola 13,000 kwa kichwa, na hapo bado hujakata fedha za mawakili na mfadhili wa kesi. Tangu ajali imepita miaka 13. Mwani huvunwa kila wiki sita au saba, jipigie hesabu mwenyewe.

Kaka_Lindi
Mnawatisha watu bure. Bahari yetu ya kina kirefu imegundulika gesi, siyo mafuta. Gesi ikitoka inapaa. Hakuna weusi ufukweni.

MtuWaMikondo
@Kaka_Lindi kwa sehemu uko sahihi, na ni haki lisemwe. Kitalu namba 2, kilomita 100 hivi kutoka Lindi kwenye kina kinachozidi mita 2,000, ni gesi. Kisima cha gesi kikavu hakitaacha lami kama ya Louisiana. Lakini leseni ya kutafuta haichagui kitakachopatikana, na vitalu vya Pemba na Unguja ndivyo vinavyoulizwa hapa. Halafu gesi inayotokea kina kirefu haipai yote: nyingi huyeyuka majini, bakteria wanaila na oksijeni inashuka. Ndivyo ilivyokuwa Deepwater Horizon kwenye kina cha mita 1,100 hivi.

Kuhusu "mbali mno": mafuta yanayoelea hufuata mkondo kwa kasi yake yote na upepo kwa asilimia 3 hivi. Mkondo wa pwani yetu unaelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unakaza. Kwa fundo 2 tu, kitu kinachoelea kinasogea kilomita 89 hivi kwa siku. Kutoka usawa wa Lindi hadi Unguja ni kilomita 400 na ushei. Siku tano. Na kusi inavuma kutoka kusini mashariki, yaani inasukumia hukohuko mashariki mwa Unguja. Mtambo wa pili umeshaambiwa ulivyochelewa Montara.

Kwa wavuvi kuna hasara isiyohitaji ajali: eneo la usalama la mita 500 kuzunguka kila jukwaa. Linaonekana dogo, ila samaki hupenda kukusanyika chini ya majukwaa, kwa hiyo mvuvi anafukuzwa palipo na samaki.

Maabara_Maji
Nimeona swali la "kabla ya uchimbaji". Utetezi wa kampuni kwenye kesi ya mwani unajulikana: "hiyo ni aisi-aisi," yaani ugonjwa wa mwani. Na kwa macho vinafanana, matawi kuwa meupe na kukatika. Aisi-aisi huja na joto, chumvi kubadilika, mwanga mkali, kisha bakteria. Msipokuwa na rekodi, hamtashinda hoja hiyo.

Kwa hiyo kila bamvua, mkiwa shambani, mpime joto la maji kwa kipimajoto na chumvi kwa refraktomita ya mkononi. Chagueni kamba kumi zilezile kila shamba, pimeni uzito mbichi na mkavu, andikeni kama mwani ni wa aina ya spinosum au kottonii. Spinosum ni ngumu zaidi kwa aisi-aisi, kwa hiyo zikifa zote mbili kwa pamoja na joto halikupanda, daftari linawasemea. Bei ya mnunuzi na risiti zihifadhiwe. Kule Ghuba ya Mexico mfuko wa fidia ulitaka karatasi za mapato. Wasio nazo wengi waliishia kuchukua malipo ya haraka ya dola 5,000, wakasaini kwamba hawatashtaki.

Kwa sampuli za maji, chupa ya kioo cheusi ya nusu lita, mfuniko uzibwe kwa foili ya alumini. Plastiki hapana, inanyonya mafuta na kutoa kemikali zake. Zima injini ya boti, chukua maji upande upepo unakotoka, mikono iwe na glavu na isiwe na losheni. Weka nyuzi 4, gizani. Maabara iyachakate ndani ya siku saba. Donge la mafuta likionekana, kijiko kimoja ndani ya foili kinatosha. Mafuta ya kila chanzo yana alama yake ya kemikali, hasa kemikali ziitwazo hopani na sterani ambazo hazioshwi haraka na bahari, na hizo ndizo zinazofunga mjadala wa mafuta ya nani. Ndiyo maana leseni inafaa iitake kampuni kukabidhi sampuli ya mafuta yake serikalini tangu siku ya kwanza.

Mwani_Mashariki
Shukrani wote. La mwisho: chupa zikikaa kwa katibu wa ushirika, si watasema tumezichezea?

Wakili_Pwani
Watasema. Kila chupa iwe na karatasi yake: tarehe, saa, GPS, aliyechukua, shahidi, na sahihi ya kila mkono inapopita. Chukueni tatu kwa kila mahali: moja maabara, moja kwa sheha au ofisi ya serikali iliyokubali kwa maandishi, moja ibaki ushirika ikiwa na lakiri. Na moja ya maji safi ya maabara ifunguliwe na kufungwa palepale shambani, ili ikionekana safi ijulikane chupa zenu hazikuwa chafu.