Tupeane uzoefu: siku uliyopanda paa kuosha paneli za sola, kilikupata nini?

Kibatari Mstaafu
Wakuu, mchana huu nimesikia maji yanamwagika juu ya bati. Kuchungulia, namwona jirani yuko kwenye ngazi na ndoo, anazimwagia paneli zake maji saa saba, jua la utosi. Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Si kwamba nampenda kihivyo, ni ile "tak!" yangu ilinirudia masikioni.

Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza na sola. Paneli imepigwa jua tangu asubuhi, ukiigusa mkono unajitoa wenyewe. Mimi mjanja nikavuta mpira wa maji ya baridi nikailenga katikati. Nikasikia tak, mara moja tu, nikadhani ni bati linajinyoosha. Kuangalia vizuri, kioo chote kimekuwa utando wa buibui, kona hadi kona. Hakikudondoka hata kipande. Na kilichoniumiza ni kwamba iliendelea kuchaji siku kadhaa, nikajipa matumaini, hadi mvua iliponyesha maji yakapenya ndani.

Haya, mwageni na nyie.

Sijaosha
Mwaka wa 4 huu sijagusa paneli na taa zinawaka. Mvua kazi yake nini?

Bi Msafi
Wanaume wa humu kwa uvivu hamjambo.

Nusu Ampea
@Sijaosha nilikuwa na mdomo kama wako. Ngoja nikusimulie.

Taa zilianza kuzima saa tano usiku. Baadaye saa tatu. Mwisho tukawa tunakula kwa tochi ya simu. Nikaita fundi. Paa hakulitazama hata kwa bahati mbaya. Aliinama kwenye betri, akagusisha mita, akatikisa kichwa kama daktari anayeleta habari mbaya: "Hii imekufa." Nikajibana, nikanunua mpya. Ilikuja na chaji yake, siku za kwanza tukaona raha. Halafu yale yale. Napiga simu kwa fundi, inaita tu.

Siku moja mpira wa mtoto ukakwama juu ya paa, nikapanda kuutoa. Ndipo nilipokutana uso kwa uso na paneli yangu. Katikati kioo kinang'aa, mvua ilikuwa imefanya kazi yake, siwezi kuisingizia. Lakini chini kabisa, pale kioo kinapokutana na fremu, kulikuwa na ukanda wa udongo upana wa vidole vitatu, umeganda, na juu yake umeota ukijani. Bustani kabisa. Umefunika safu nzima ya seli za chini, vile vipande vinavyotengeneza umeme. Nikaulowesha kwa kitambaa, nikauacha ulainike, nikaukwangua kwa kucha taratibu. Kabla ya kupanda, kontrola (kile kidude kinachosimamia chaji ya betri) ilikuwa inasoma ampea 1.8. Niliposhuka ilikuwa 5 na ushee.

Nilikaa kwenye ngazi kimya. Betri ya zamani nilishaigawa.

Bi Msafi
Pole kaka. Ila uliyegawa betri nzima, ungenigawia mimi.

Fundi Waya
Mkuu Nusu Ampea, uliyoyaona ndiyo yanayowatesa wengi na sisi mafundi tunatajirika humo humo, nisiwafiche. Seli zimefungwa kwa mfululizo, ni kama watu wanaopokezana ndoo kwenye mstari: mmoja akisinzia wote wanasubiri. Paneli kubwa nyingi zina diodi 3 nyuma, vidude vya kuupitisha umeme pembeni ya seli zilizozibwa, kila moja inalinda kundi lake la seli. Kundi moja likizibwa unapoteza kama theluthi, maisha yanaendelea. Sasa udongo wa chini, paneli ikiwa imefungwa wima (upande mfupi ndio uko chini), unagusa makundi yote kwa mpigo. Hapo diodi haina la kukusaidia.

Vinyesi vya ndege usivichekee pia. Seli iliyofunikwa yenyewe tu inageuka mzigo, inakula umeme wa wenzake na kupata moto. Nimeshaona iliyobabuka ikawa kahawia, mwenye nyumba anasugua akidhani ni doa.

Sijaosha
Yangu imelazwa bapa kabisa, hakuna cha kuganda chini.

Fundi Waya
Bapa ndiyo mbaya zaidi. Maji yanatuama, yakikauka yanaacha tope. Angalau iinamishe nyuzi 10 hadi 15 ndipo mvua ikusaidie.

Sijaosha
Nitapanda kesho kuangalia. Siyo kwa sababu yako.

Bi Msafi
Mimi yangu haina maneno mengi. Sabuni ya unga, stilwaya, nasugua mpaka inalia kwii kwii. Kioo ni kioo.

Fundi Waya
STILWAYA?

Bi Msafi
Umeshtuka nini? Madirisha yangu yana miaka, yanang'aa.

Fundi Waya
Mama, kioo cha paneli kina utando mwembamba wa kuzuia mwanga usirudi hewani. Ukiusugua na stilwaya unauchana. Na sabuni isiyosuuzwa vizuri inanasa vumbi, kesho ni chafu kuliko jana. Maji matupu na sponji laini, basi.

Bi Msafi
Maji matupu kwenye kinyesi cha kunguru cha wiki mbili? Njoo uonyeshe.

Fundi Waya
Weka kitambaa kibichi juu yake, kiache robo saa. Kitabanduka chenyewe.

Bi Msafi
Robo saa nimekaa juu ya bati namsubiri kunguru alainike. Sawa.

Kibatari Mstaafu
Mimi niko katikati: sabuni ya maji tone moja kwenye ndoo, suuza sana. Stilwaya hapana dada yangu. Na kama maji yako yana chumvi, usiyaache yakaukie juu, yanaacha madoa meupe mabaya kuliko vumbi. Mimi nakinga ya mvua.

Mzee wa Ngazi
Mnagombana kuhusu sabuni, subirini mkutane na mambo.

Niliazima ngazi ya jirani. Nikapanda saa kumi na moja jioni, paneli zimepoa, masharti yote nimetimiza. Nimepiga magoti upande wa nyuma wa paa napangusa, nasikia kule mbele kwaruu, kwaruu. Nikajua ni mbuzi. Kufika ukingoni naona ngazi inakata kona ikiwa begani kwa mwenyewe. Alikuja kuchukua mali yake, hakuona mtu, akajiondokea. Nikaita mpaka nikakohoa. Pikipiki ikaunguruma, akapotea.

Simu yangu iko ndani inachaji. Kwa sola hiyo hiyo. Mke kasafiri.

Nikasema nijikalie, niegemeze mgongo kwenye fremu ya paneli nipumzike akili. Kumbe chini ya paneli kuna wapangaji. NYIGU. Naomba niishie hapo, kuna mtu anagonga mlango.

Nusu Ampea
Weee! Rudi hapa!

Bi Msafi
Huyu ndiye wa kuwapa watu presha. Mlango gani unaogongwa muda huu?

Kivuli cha Jioni
Wakati tunamsubiri: mimi nilichomoa plagi za paneli mchana, mzigo (vifaa vya umeme) ukiwa unavuta, ili nioshe "kwa usalama". Ukatoka mwale wa buluu kati ya plagi mbili, ukawa unanyooka kadiri ninavyovuta. Nilitupa kila kitu.

Fundi Waya
Una bahati. DC, yaani umeme wa sola na betri, haijikati kama AC, umeme wa gridi. Zima swichi kwanza, mzigo uondoke, ndipo uguse plagi. Na jua likiwepo paneli haizimiki, hata ukiifokea. Zikiungwa nyingi kwa mfululizo ni mamia ya volti.

Kivuli cha Jioni
Sikumaliza. Mwezi uliofuata nikatoa waya za betri nisafishe ile kutu ya kijani, paneli nimeziacha zimeunganishwa kwenye kontrola. Kontrola ikanuka.

Fundi Waya
Paneli zinatoka kwanza, betri mwisho. Kurudisha, betri kwanza. Wewe bwana usiguse tena kitu.

Sijaosha
Mnaona? Ambaye hajaosha ana kontrola nzima.

Bi Msafi
Mzee wa Ngazi yuko wapi jamani?

Nusu Ampea
Nimeacha ugali motoni kwa ajili yake.

Mzee wa Ngazi
Nimerudi. Ilikuwa mgeni.

Basi nyigu wakaniuma hapa juu ya jicho na mara mbili sikioni. Kukimbia huwezi, paa ni lako na la kwao. Nikatambaa hadi kwenye tuta la paa, nikakaa kama jogoo. Giza likaingia. Taa za nyumbani zikawaka zenyewe, kumbe paneli nilizosafisha zilichaji vizuri, nikaziangalia kutoka juu.

Saa tatu usiku nasikia hodi. Ni jirani yule yule, anaomba nyundo. Nikamjibu kwa sauti ya upole kutoka juu: "Karibu." Alitimua mbio, ndala moja ikabaki. Alirudi na watu wawili na tochi, wamulike hiyo sauti ni ya nani.

Bi Msafi
Nimelia kwa kucheka, watoto wameamka.

Fundi Waya
Mkuu, zungushia wavu wa waya chini ya paneli pande zote. Ndege, nyigu, panya wanaotafuna waya, wote unawafungia nje. Hakikisha tu hewa inapita, paneli ikizidi joto inapunguza umeme.

Mzee wa Ngazi
Nitafunga wavu nikishajua nyigu wako ndani au nje.

Kibatari Mstaafu
Na nyundo ulimpa?

Mzee wa Ngazi
Nilimpa. Hajarudisha.

Nusu Ampea
Paneli ulimaliza kuosha lakini?

Mzee wa Ngazi
Nusu. Za upande ule bado.