Mrejesho: sarafu za babu na dele la bibi

Wadau, asanteni. Niliuliza kama nisugue kwa ndimu na majivu dele la kahawa la bibi na sarafu za enzi ya Mjerumani, kabla ya maonyesho ya kikundi chetu cha wakusanyaji hapa Tanga. Mkanikataza kabisa. Bahati mbaya sarafu moja nilikuwa nimeshaisugua.

Siku yenyewe, ukumbini Ngamiani, akaja mzee na lenzi yake. Ile inayong'aa kama kifungo cha koti akaipita. Akaganda kwenye sarafu ya heller 20 (heller ni senti za Mjerumani) ya 1916, nyeusi kwa utandu. "Mwanangu, hii T waijua?" Kumbe ni Tabora: vita vilikata meli za Ujerumani, Wajerumani wakazipiga sarafu huko huko bara. Miaka yote nadhani T ni Tanga!

Niliyoisugua taji lake limefifia, halirudi tena.

Dele nililipitisha kitambaa kikavu tu. Kina mama wakalizunguka. Mmoja akanusa ndani, akaapa bado linanukia tangawizi. Mie sikusikia kitu.

Msala wa ukindu niliutundika dirishani, jua la saa nane likaupiga. Mwakani naupeleka ukuta wa ndani, usije ukapauka.