Mrejesho: Utepe wa karotini uliopinda kwenye safu ya kromatografia

Ndugu wataalamu, niliuliza kwa nini utepe wa karotini (rangi ya chungwa) ya mawese, ninayoitenganisha hapa Kigoma kwa kromatografia, yaani kwa kuipitisha pamoja na kimiminika kwenye safu (mrija wa kioo uliosimama) iliyojazwa punje za silika, hushuka ukiwa umepinda. Mmoja wenu alinielekeza kwenye tafiti zilizotumia MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya kitu kwa sumaku na mawimbi ya redio, nami nimezisoma kwa makini. Kwa kuwa mashine hiyo hupokea ishara za haidrojeni iliyomo kwenye kimiminika, watafiti huona mkondo ukipita ndani ya safu bila kuifungua, mradi safu iwe ya kioo au plastiki, kwani ganda la chuma huzuia mawimbi ya redio. Picha hizo zinaonyesha kwamba punje zinazogusa ukuta hazipangiki kama za katikati, na kwamba kimiminika kisipogawanywa sawasawa kwenye mdomo wa safu, utepe huharibika tangu mwanzo. Hili la pili ndilo lililonihusu zaidi. Nimeweka tabaka la mchanga safi juu ya silika, na kiyeyushi nakimimina taratibu, kidogo kidogo, nikizunguka kandokando ya kioo. Utepe wa rangi ya chungwa sasa unashuka karibu bapa, ila pembeni umebaki mkia mwembamba, ambao nadhani unatokana na ukuta wenyewe. Nitajaribu safu pana zaidi.