Mtoto wa mwaka na miezi minane, tunakaa Shangani: nianzie wapi kumfundisha kuogelea?

MamaNeema:
Habari za jioni ndugu zangu wa kusini. Mimi ni mtu wa Singida, nimemfuata mume wangu Mtwara kikazi, tumepanga Shangani. Neema ana miaka sita, mdogo wake mwaka na miezi minane. Mimi mwenyewe sijui kuogelea. Kwetu maji mengi niliyoyajua ni lambo la kunyweshea ng'ombe, na tulikatazwa kulisogelea.

Jumapili tulikwenda ufukweni. Niliinama kumfunga Neema kamba ya kiatu, nikainuka, mdogo keshaingia maji ya kifuani kwake, kimya kabisa, anaangalia wimbi. Tangu siku hiyo usingizi hauji. Jirani anasema watoto wa pwani hutupwa tu majini wakajua wenyewe. Mwingine anasema ninunue yale maboya ya kujaza upepo ya kuvaa mikononi. Nishike lipi? Na huyu mdogo si mchanga mno?

BintiWaMikindani:
Karibu kusini, mama Neema. Umri wake unatosha kuanza. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinasema mafunzo yanaweza kuanza kuanzia mwaka 1. Chini ya hapo ni kucheza majini mikononi mwa mzazi, na hakuna uthibitisho kwamba kunamkinga na kuzama. Ila kwa umri wa mdogo wako usitegemee kumwona anakata maji. Unamfundisha asiogope, na afunge mdomo kwa wakati.

Hilo la kutupwa naomba ulikatae. Mimi na kaka yangu tulitupwa kutoka kwenye ngalawa ya baba, hapahapa Mikindani, nikiwa na miaka mitano. Mimi nilijua. Kaka yangu mpaka leo ana wajukuu na hatii uso majini. Mtoto aliyeogopeshwa hukaza shingo na kuinua kichwa, na kichwa kikiinuka miguu inazama. Anapambana na mwili wake mwenyewe.

Wanangu watatu nimewafundisha kuanzia kwenye beseni la kuogea. Kila siku nasema "moja, mbili, tatu", kisha namimina kikombe cha maji kisogoni, siku nyingine utosini, mwisho usoni. Hesabu ni ileile, sauti ni ileile. Baada ya wiki mbili hivi utamwona ukifika "tatu" anabana midomo mwenyewe. Hapo ameshajifunza jambo kubwa. Baadaye mwambie apulize maji yatoe povu.

Baharini, kaa naye kwanza maji yakiwa ya magotini. Kuelea chali ndiyo kazi. Kisogo chake kiweke begani kwako, shavu kwa shavu, kiganja chako chini ya mgongo. Maji yakiingia masikioni atalia, wote hulia. Kitinda mimba wangu tulitumia wiki tatu kwa masikio tu! Nilikuwa namwimbia karibu kabisa na shavu, mpaka siku moja nikasikia tumbo lake limelegea mkononi mwangu. Likishalegea, anaelea.

Neema ana miaka sita, huyo afundishwe kabisa: aingie, ageuke, aelee chali apumue, arudi alikotoka. Mitindo itakuja baadaye. Na maboya ya mikononi achana nayo. Yanamsimamisha mtoto wima kama mlingoti, siku akiyavua anadhani bado anaelea.

Sasa siku. Usiende siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Hapo maji hujaa karibu saa kumi jioni, yanakwenda kwa nguvu, na yakipwa yanavuta. Chagua maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Asubuhi ya saa tatu yanakuwa yanajaa taratibu, na mtoto akiponyoka maji yanamsukuma nchi kavu. Kusi likivuma, Juni mpaka Agosti, dakika kumi na tano zinatosha. Ukiona midomo inatetemeka, mtoe.

NesiKusini:
Naongezea moja, dada. Kuzama hakuna kelele, kama ulivyoona. Mtoto akiwa majini, awe umbali wa mkono wako, simu ibaki kwenye mkoba. Na nyumbani pia: pipa, ndoo, beseni, mwaga au funika. Mtoto wa umri huo ana kichwa kizito, akiinamia ndoo hawezi kujiinua.

Akitolewa hapumui, msimning'inize miguu juu wala msimbonyeze tumbo. Mlaze chali juu ya kitu kigumu, inua kidevu, mpulizie pumzi 5, kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, endelea hivyo huku mwingine anatafuta usafiri. Hata akizinduka, apelekwe hospitali.

Mvushi_Lindi:
Mkija Lindi mkavuka maji kwenda Kitunda, ng'ambo, mvalishe kila mtoto jaketi la kuokolea la saizi yake. Lipime hivi: anyooshe mikono juu, wewe livute mabegani. Likipanda mpaka masikioni halimfai, majini atatoka kwa chini.

MamaNeema:
Asanteni sana, nimeandika yote kwenye daftari. Beseni tunaanza leo. Swali la mwisho: mimi nisiyejua, naruhusiwa kuingia naye baharini?

BintiWaMikindani:
Ingia, ila maji yasipite kiuno chako, na awepo mtu mzima anayejua kuogelea pembeni yenu. Wewe pia utajifunza, kisogo begani kwangu kama mtoto. Leo mwezi una siku sita, unakaribia nusu. Njooni Mikindani Jumamosi saa tatu asubuhi, mje na kanga mbili kavu na uji wa watoto kwenye chupa ya chai.